Minyoo na Udongo Uliochafuliwa na Mafuta: Wanachosaidia, Wanachoonyesha na Wasichoweza

Mafuta yanapomwagika ardhini, macho ya watu huelekea kwanza kwenye kisima, shamba na mifugo. Ni wachache wanaomkumbuka kiumbe anayekutana na mafuta hayo mapema kuliko wote: hana gamba la kumkinga, hana mapafu, na wengi wa jamii yake hawawezi kula bila kuumeza udongo wenyewe. Kiumbe huyo ni nyungunyungu, mnyoo wa ardhini ambaye wakulima humwona kila msimu wa mvua na wavuvi humtia kwenye ndoana. Baharini na mitoni wapo jamaa zake wanaoishi ndani ya tope, nao hupatwa na yaleyale pale meli au bomba la mafuta linapovuja.

Kwa zaidi ya miaka 50 wanasayansi wamewafuatilia viumbe hawa ili kujibu maswali mawili yanayomgusa mwananchi moja kwa moja. La kwanza ni iwapo minyoo wanaweza kusaidia kuusafisha udongo uliochafuliwa. La pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni iwapo minyoo wanaweza kueleza lini udongo huo umekuwa salama tena. Majibu yaliyopatikana yana manufaa, lakini yanahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa wingi wa minyoo unaweza kuwa ishara ya uzima mahali pamoja na ishara ya uharibifu mahali pengine.

Jinsi mafuta yanavyoingia mwilini mwa mnyoo

Petroli, dizeli, mafuta ya taa, oili ya mitambo na mafuta ghafi yote ni michanganyiko ya haidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni. Zilizo nyepesi huvukia hewani au husombwa na maji katika muda mfupi. Zilizo nzito hubaki. Miongoni mwa zinazobaki, zinazoogopwa zaidi ni zile ambazo kaboni zake zimejipanga katika pete zilizoshikana. Naftalini, iliyotumika kwa miaka mingi kutengenezea vidonge vyeupe vya kuhifadhia nguo kabatini, ina pete mbili. Fenantreni ina pete tatu na pireni ina nne. Benzo(a)pireni ina pete tano, na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kadiri pete zinavyoongezeka, ndivyo kemikali inavyozidi kukataa kuyeyuka katika maji na kung'ang'ania mboji na chembe za mfinyanzi.

Nyungunyungu hupokea kemikali hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ngozi. Kwa kuwa hupumua kwa ngozi, ngozi hiyo lazima iwe na unyevu wakati wote, na maji yaliyomo katika nafasi ndogo kati ya chembe za udongo huigusa muda wote. Haidrokaboni zilizoyeyuka katika maji hayo huyahama na kuingia katika shahamu ya mwili wake, kwa kuwa asili yake ni kupenda shahamu kuliko maji. Njia ya pili ni utumbo: udongo unaomezwa hulainishwa, huchanganywa na ute na vimeng'enya, na sehemu ya kemikali zilizokuwa zimeshikamana na chembe zake huachiliwa. Kwa haidrokaboni zenye pete chache, ngozi ndiyo mlango mkuu. Kwa zile nzito, utumbo huwa na nafasi kubwa zaidi.

Madhara huanza kwa namna inayofanana na ulevi. Haidrokaboni nyepesi hupenya kwenye utando wa seli na kuuvuruga, mnyoo hulegea, hushindwa kuchimba, na dozi ikizidi hufa. Zaidi ya hayo, mafuta mengi huufanya udongo ukatae maji. Mvua hunyesha, matone yakabaki juu, na mnyoo aliye chini hukauka hata kama sumu yenyewe haikumuua. Nchini, wengi wameshuhudia kwa macho nguvu ya mafuta ya aina hii dhidi ya viumbe wa udongo, kwani oili chafu ya magari hupakwa kwenye mbao na nguzo ili kuzuia mchwa. Kinachomfukuza mchwa hakichagui. Kikidondoka kwenye bustani humfikia pia nyungunyungu anayeirutubisha.

Kiasi kilekile, hatari tofauti

Maabara hupima mafuta katika udongo kwa kuitia sampuli katika kiyeyushi kikali, kwa mfano heksani au dikloromethani, ambacho huchomoa karibu kila kilichomo. Jibu hutolewa kwa miligramu katika kila kilo ya udongo. Sasa vichukuliwe viwanja viwili: kimoja kilimwagikiwa dizeli mwezi uliopita, kingine kilikuwa gereji miaka 30 iliyopita, na maabara ikatoa kiasi kilekile kwa vyote viwili. Kwenye karatasi viwanja hivyo ni sawa. Kwa nyungunyungu si sawa hata kidogo.

Sababu ni kwamba haidrokaboni huzeeka ndani ya udongo. Mwezi baada ya mwezi hujipenyeza katika vitundu vidogo vya chembe, vingine vidogo kiasi kwamba hata bakteria hawaingii, na huzama ndani ya mboji. Zikishafika huko, maji ya udongo hayazipati kwa urahisi, na kisichopatikana kwenye maji hakiingii kwenye ngozi ya mnyoo. Mwanasayansi Martin Alexander wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliyefanya kazi kubwa katika eneo hili, alichapisha mwaka 2000 makala iliyosema wazi kwamba vipimo vinavyohesabu kemikali yote bila kujali uzee wake huikuza hatari kupita kiasi.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaweza kutumiwa vibaya. Ni rahisi kwa aliyechafua ardhi kudai kwamba mafuta yake "yameshazeeka" na kwa hiyo hadaiwi usafishaji. Inafaa kukumbukwa kwamba kilichonaswa kinaweza kunasuka udongo unapochimbwa, mboji yake inapooza au matumizi ya ardhi yanapobadilika. Vilevile, tumbo la mtoto anayetia udongo mdomoni si tumbo la nyungunyungu. Mnyoo hutoa ushahidi kuhusu viumbe wa udongo. Kisima na afya ya binadamu vinahitaji vipimo vyake.

Mnyoo kama shahidi wa maabara

Ushahidi huo umewekewa taratibu za kimataifa. Mwaka 1984 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilitoa Mwongozo Na. 207 wa kupima sumu kwa kutumia mnyoo mwekundu wa mboji, Eisenia fetida. Mwongozo huo hutumia udongo wa kutengenezwa, wenye takriban asilimia 70 ya mchanga, asilimia 20 ya udongo mweupe wa kaolini na asilimia 10 ya mboji ya kuvumwani, ili matokeo ya nchi moja yaweze kulinganishwa na ya nchi nyingine. Minyoo waliokomaa, wanaotambulika kwa mkanda mnene unaozunguka mwili, huwekwa humo kwa siku 14 na waliobaki hai huhesabiwa.

Kuhesabu vifo, hata hivyo, ni kipimo butu. Mnyoo anaweza kubaki hai katika udongo ambao hawezi kuzaa ndani yake, na kizazi kikikatika, udongo huo umekufa hata kama leo una minyoo. Ndiyo maana mwaka 2004 ukaongezwa Mwongozo Na. 222, ambao huwaacha minyoo wakubwa kwa wiki 4, kisha huwaondoa na kusubiri wiki nyingine 4 ili kuhesabu watoto walioanguliwa kutoka kwenye vifuko vya mayai.

Kipo pia kipimo kilicho rahisi zaidi kuliko vyote, kilichowekwa na Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO). Chombo hugawanywa pande mbili kwa kizuizi; upande mmoja huwekwa udongo safi, upande wa pili udongo unaotiliwa shaka. Kizuizi huondolewa, minyoo huwekwa katikati, na wataalamu hurudi baada ya saa 48 kuona wamekwenda wapi. Wakibaki chini ya asilimia 20 katika udongo unaopimwa, udongo huo huhesabiwa kuwa haufai kuwa makazi. Hakuna mashine ya gharama inayohitajika, na kwa uchafuzi wa mafuta kipimo hiki mara nyingi hutoa onyo kwenye kiasi ambacho hakijaua mnyoo hata mmoja.

Kasoro za vipimo hivi ni mbili, na zote zinaihusu Afrika Mashariki. Eisenia fetida ni mnyoo wa mboji na samadi. Katika udongo wa kawaida wa shamba hupatikana kwa nadra. Aidha, vipimo hufanywa katika nyuzi joto 20 za Selsiasi, ilhali udongo wa mwambao wa Tanga au Dar es Salaam huwa na joto zaidi ya hapo. Joto huharakisha uvukizi wa mafuta na kazi ya bakteria, lakini pia huongeza pumzi na njaa ya mnyoo, hivyo matokeo ya maabara ya Ulaya hayawezi kuhamishwa yalivyo.

Kwa mashapo ya mito na maziwa hutumika mnyoo mwembamba wa maji baridi, Lumbriculus variegatus, ambaye huwekwa kwenye mashapo kwa siku 28 kwa mujibu wa Mwongozo Na. 225 wa mwaka 2007.

Je, minyoo husafisha udongo?

Jibu fupi ni kwamba wanaosafisha ni bakteria na kuvu, na minyoo ni watayarishaji wa mazingira ya kazi. Nyungunyungu mwenyewe ana uwezo mdogo wa kuvunja haidrokaboni ngumu. Bakteria wa jamii kama Pseudomonas na Rhodococcus ndio wanaozikata na kuzitumia kama chakula, ila kazi hiyo huwataka wawe na oksijeni, maji, naitrojeni na fosforasi. Udongo uliolowa mafuta hukosa karibu vyote hivyo kwa pamoja: hewa haipiti, maji hayaingii, na kaboni imejaa kupita kiasi huku virutubisho vingine vikiwa haba.

Hapo ndipo mnyoo anapoingia. Charles Darwin alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1881 jinsi minyoo wanavyougeuza udongo wa juu wa mashamba ya Uingereza kidogo kidogo kwa kuumeza na kuutoa. Kila tundu wanalochimba ni mrija wa hewa na maji. Ute wao ni chakula chepesi kinachoamsha bakteria waliolala. Kinyesi chao kina naitrojeni na fosforasi zilizo tayari kutumika, na mchanganyo wa utumboni huikutanisha chembe yenye mafuta na bakteria ambaye peke yake asingeifikia, kwa kuwa bakteria husafiri umbali mdogo sana ukilinganisha na nyungunyungu.

Majaribio yamethibitisha mchango huo. Nchini Mexico, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2006 walionyesha kwamba kuwepo kwa Eisenia fetida katika udongo kuliongeza uondoaji wa fenantreni, antraseni na benzo(a)pireni ukilinganisha na udongo ulioachiwa bakteria wake peke yao. Fenantreni ndiyo iliyoondoka kwa urahisi zaidi, na benzo(a)pireni ilikuwa sugu, kama inavyotarajiwa.

Mipaka yake ni mikubwa, na anayepanga usafishaji hana budi kuijua kabla ya kununua minyoo. Mafuta yakiwa mabichi na mengi, minyoo watakufa au watakimbia. Hivyo huingizwa baada ya hatua ya kwanza, mafuta yanayoonekana yakiwa yameondolewa na udongo umegeuzwa, umepewa hewa na umechanganywa na mboji au samadi. Mboji yenyewe hunasa sehemu ya haidrokaboni, kwa hiyo kupungua kwa madhara kwa minyoo kunaweza kutokana na kunaswa, si kuvunjwa. Minyoo waliofanya kazi hiyo hawafai kuwa chakula cha kuku wala chambo, na mboji waliyoitengeneza haifai kwenye bustani ya mboga mpaka ipimwe.

Mpaka mwingine ni kina. Mnyoo wa mboji huishi katika sentimeta chache za juu, na hata wale wachimbaji hodari huishia mita chache. Mwaka 2011, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) lilitoa ripoti kuhusu Ogoniland, katika delta ya mto Niger nchini Nigeria, ambako mafuta yamemwagika kwa miongo mingi. Katika sehemu 49 wakaguzi walikuta haidrokaboni kwenye kina kisichopungua mita 5. Ripoti hiyo ilieleza pia kwamba, kati ya maeneo 15 yaliyochunguzwa ambayo kumbukumbu zilionyesha usafishaji umekamilika, 10 yalikuwa bado yamezidi viwango vilivyowekwa. Njia iliyokuwa ikitumika ilikuwa kuugeuza na kuurutubisha udongo wa juu palepale ulipo ili bakteria wafanye kazi, na chini ya tabaka hilo mafuta yaliendelea kushuka kuelekea kwenye maji ya ardhini. Nyungunyungu wa tabaka la juu wangeweza kurejea katika viwanja vya aina hiyo na kuzaa vizuri, na wanavijiji wakaendelea kuchota maji machafu.

Tope la West Falmouth

Kwa upande wa bahari, somo kubwa lilitoka katika mji mdogo wa West Falmouth, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tarehe 16 Septemba, 1969, tishari lililoitwa Florida lilikwama kwenye miamba na kumwaga takriban lita 700,000 za mafuta yanayokaribiana na dizeli. Tukio hilo lilikuwa dogo likilinganishwa na ajali za meli kubwa. Lilipata umaarufu kwa sababu lilitokea kilomita chache tu kutoka Taasisi ya Bahari ya Woods Hole, na wanasayansi walikuwa ufukweni wakati samaki, kaa, chaza na minyoo walipokuwa wakifa.

Katika miezi iliyofuata, tope lililoonekana kufa lilijaa uhai ghafla. Mnyoo mwekundu, mwembamba kama uzi, aitwaye Capitella capitata, alizaliana mpaka akawa karibu kiumbe pekee katika sehemu zilizoathirika zaidi. Mtu asiye mtaalamu angeona tope linalochezacheza kwa minyoo na kusema bahari imepona. Ukweli ulikuwa kinyume. Capitella hustahimili upungufu wa oksijeni, hula tope lenye uozo, hukua upesi na ana vimeng'enya vya kuvunja haidrokaboni. Alijaa kwa kuwa washindani wake wote walikuwa wamekufa. Kadiri mafuta yalivyopungua na viumbe wengine walivyorejea, idadi yake ilianguka.

Frederick Grassle na Judith Grassle, waliokuwa wakimchunguza mnyoo huyo, waligundua jambo jingine. Mwaka 1976 walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba kiumbe kilichojulikana kwa jina moja duniani kote kilikuwa kwa hakika spishi 6 zinazofanana kwa sura na kutofautiana katika vimeng'enya na namna ya kuzaa. Tangu hapo, kusema tu kwamba "Capitella ameonekana" hakutoshi. Ni lazima kueleza ni wangapi, pamoja na nani, na baada ya muda gani.

Habari ya West Falmouth haikuishia hapo. Miongo mitatu baada ya ajali, watafiti walichimba tope la kinamasi cha Wild Harbor na kukuta mabaki ya mafuta yaleyale ya mwaka 1969 kati ya kina cha sentimeta 6 na 28. Juu palikuwa safi, na chini, kusikofika oksijeni, mafuta yalikuwa yamehifadhika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulieleza tabia ya kaa wadogo wa tope, wale wenye gando moja kubwa: walipochimba na kulifikia tabaka lenye mafuta, walilikwepa. Idadi yao ilikuwa nusu ya wale wa kinamasi safi na walikuwa wazito kukimbia hatari.

Hapa pana mzunguko unaopaswa kueleweka. Wachimbaji wa tope, wawe minyoo au kaa, ndio wanaopeleka oksijeni chini. Mnyoo wa pwani za Ulaya aitwaye Arenicola marina huishi katika tundu lenye umbo la herufi J na kusukuma maji ndani yake bila kukoma, hivyo kulipa hewa tope ambalo lingekuwa jeusi na la kunuka. Mafuta yakiwaua au kuwafukuza, oksijeni hukoma, bakteria wanaokula mafuta hulala, na mafuta hubaki kuwazuia wachimbaji wasirudi. Uchimbaji nao una upande wake wa pili: Tubifex, mnyoo wa maji baridi anayekaa kichwa chini na mkia juu, humeza tope la kina na kulitoa juu, na kwa njia hiyo anaweza kuurejesha kwenye maji uchafu uliokuwa umefukiwa.

Iwapo mafuta ni sumu, wapo vilevile minyoo walioyafanya jirani. Katika sakafu ya Ghuba ya Mexico, mahali ambapo mafuta na gesi huchuruzika vyenyewe, huota vichaka vya minyoo wa mirija, Lamellibrachia, ambao watafiti wamekadiria kuwa wanapofikia urefu wa mita 2 huwa na umri wa miaka 170 hadi 250. Hawali mafuta, hutegemea bakteria wanaoishi ndani ya miili yao na kutumia haidrojeni salfaidi. Mazoea ya namna hiyo yamejengwa kwa vizazi vingi na hayawezi kutarajiwa kwa mnyoo wa mikokoni aliyefunikwa na mafuta usiku mmoja.

Kutoka kwa mnyoo hadi kwa ndege na samaki

Minyoo wa tope ni chakula cha samaki wachanga, kamba na ndege wa pwani wakiwemo vitwitwi, ambao wengi wao huja na kuondoka kwa misimu. Minyoo kadhaa wa baharini huvunja pireni na kuibadili kuwa umbo linaloyeyuka kwenye maji, kisha kulitoa mwilini, tofauti na chaza na kome ambao huvunja polepole sana. Samaki na ndege nao wana uwezo mkubwa wa kuzivunja. Kwa hiyo haidrokaboni hizi hazirundikani kutoka mlaji hadi mlaji kama zebaki inavyofanya. Tatizo ni kwamba kuvunja si sawa na kuondoa madhara: benzo(a)pireni ikivunjwa katika ini hutoa kemikali inayoweza kujishikiza kwenye vinasaba, na hiyo ndiyo inayoanzisha uvimbe.

Takwimu za kabla ya ajali

Tarehe 16 Machi, 1978, meli ya Amoco Cadiz ilikatika katika pwani ya Bretagne nchini Ufaransa na kumwaga zaidi ya tani 220,000 za mafuta. Kwa bahati, katika Ghuba ya Morlaix palikuwa na kituo cha uchunguzi kiitwacho Pierre Noire ambacho sampuli zake za tope na mchanga zilianza kuchukuliwa mwaka 1977. Jean-Claude Dauvin na wenzake waliweza kulinganisha kabla na baada. Minyoo wengi walistahimili. Walioangamia ni krasteshia wadogo wa jamii ya Ampelisca, waliokuwa wametawala eneo hilo, na iliwachukua zaidi ya miaka 10 kurudia idadi yao. Kutokana na kazi hiyo, pamoja na uchunguzi uliofuata ajali ya meli ya Aegean Sea nchini Hispania mwaka 1992, kilipendekezwa kipimo kinacholinganisha idadi ya minyoo na idadi ya krasteshia hao: minyoo wakizidi sana, tope lina tatizo. Kipimo hicho hakihitaji kiyeyushi wala mtambo wa kemia. Kinahitaji chekecheo, darubini na mtu anayewatambua viumbe hao. Bila rekodi ya mwaka 1977, wingi wa minyoo wa mwaka 1979 usingekuwa na maana yoyote.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na inatambua msingi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo ndani ya Tanzania, zikipita katika mashamba, malisho na mabonde ya mito kabla ya kufika kwenye mwambao wenye mikoko. Mafuta yake ni mazito yenye nta, yanayolazimu bomba kupashwa moto. Yakimwagika hupoa na kuganda, hivyo yanatarajiwa kukaa katika udongo wa juu kwa muda mrefu kuliko dizeli ya West Falmouth.

Iwapo siku moja patatakiwa kuamuliwa kwamba shamba au tope fulani limerudi katika hali yake, cha kulinganishia kitakuwa kile tu kilichokusanywa mapema: orodha ya nyungunyungu wa kila aina ya udongo kwenye njia ya bomba, na ya minyoo na krasteshia wa mikokoni, pamoja na idadi yao kwa kila mita ya mraba, wakati wa masika na wa kiangazi, wakati wa kusi na wa kaskazi.